Mgongo Usiotaka Kupumzika

Ankilosi spondilaitisi ni aina ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo, na tabia yake ya kwanza ni kwamba haipatani na mapumziko. Mgonjwa hupata usingizi bila shida, kisha kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri kiuno kinamwamsha. Akibaki kitandani maumivu yanazidi, akiinuka na kuzunguka chumbani yanapoa. Kukicha mgongo umekakamaa hivi kwamba kuinama anawe uso au kufunga kamba za viatu ni shughuli, na hali hiyo hudumu zaidi ya nusu saa, pengine saa mbili au tatu, hadi mwili upate joto. Kufikia adhuhuri anatembea kama wenzake. Hapo ndipo anapoanza kushukiwa, kwa sababu msimamizi aliyemwona akijikokota asubuhi humwona mchana akipanda ngazi, akaamua kwamba huyu ni mvivu tu wa kuamka.

Maumivu ya kawaida ya mgongo huenda kinyume na hayo. Aliyenyanyua gunia vibaya au aliyeshinda shambani na jembe huumia anapofanya kazi, hupata nafuu akijilaza, na aghalabu hupona ndani ya wiki chache. Maumivu ya spondilaitisi huja polepole bila tukio la kuyaeleza. Mara nyingi humwanza mtu akiwa na miaka ishirini na kitu, karibu daima kabla hajatimiza 45, na hupita miezi mitatu bila kwisha. Ushauri ambao kila jirani huutoa kwa nia njema, kwamba alale apumzishe mgongo, kwa mgonjwa huyu ni ushauri mbaya.

Kwa kawaida ugonjwa huanzia kwenye viungo viwili vya nyuma ya nyonga, pale mwisho wa uti wa mgongo unapokutana na mifupa mipana ya nyonga. Ndiyo maana wengi husikia maumivu ndani kabisa ya tako, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto, wakadhani ni sindano iliyopigwa vibaya au mshipa uliobanwa. Kutoka hapo hupanda juu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeukia sehemu ambapo kano na ligamenti hushikana na mfupa, na kuzitia uvimbe. Sehemu za namna hiyo ziko mwili mzima. Kwa hiyo kisigino kinaweza kuuma mtu anapokanyaga sakafu asubuhi, mbavu zikamchoma akipiga chafya, goti likajaa maji, au kidole kimoja cha mguu kikavimba chote toka shinani hadi ukuchani.

Uvimbe huo ukidumu kwa miaka, mwili hujaribu kujitengeneza, na hujitengeneza kupita kiasi. Huotesha mfupa mpya mahali pasipohitaji mfupa. Vijifupa hivyo hutambaa kwenye kingo za pingili hadi vikutane, na pingili mbili zikawa kitu kimoja. Zikiungana nyingi, picha ya eksirei huonyesha uti wa mgongo wenye sura ya mwanzi, na madaktari wameupa jina hilohilo, mgongo wa mwanzi. Mtu aliyefika huko hawezi kugeuza shingo kutazama gari linalokuja, hugeuka mwili mzima. Lakini wengi hawafiki. Huishi na maumivu na kukakamaa kunakokuja na kuondoka, pingili zao zikiwa huru hadi uzeeni. Wanaofika huchukua miaka mingi, na hatari ni kubwa zaidi kwa wanaume na kwa wavutaji wa sigara.

Kwa nini kinga ya mwili igeuke hivyo, jibu kamili halijapatikana, ila urithi una sehemu kubwa. Mwaka 1973 watafiti wa London na wengine wa Los Angeles, kila kundi kivyake, walionyesha kwamba karibu wagonjwa wote Wazungu waliowapima walikuwa na jeni iitwayo HLA-B27, ilhali katika Wazungu kwa jumla jeni hiyo huwa kwa watu wapatao 8 tu kati ya 100. Wengi wa walio nayo hawaugui kamwe. Ni mlango, na lazima kitu kingine kiufungue.

Afrika kusini mwa Sahara mambo ni tofauti, na tofauti hiyo ina madhara yake hospitalini. Jeni ya HLA-B27 ni adimu sana kwa watu wa jamii za Kibantu, na ugonjwa wenyewe ni adimu kuliko Ulaya. Wenye asili ya Bara Hindi na Uarabuni, ambao ni sehemu ya wakazi wa miji ya pwani tangu zamani, wanayo zaidi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humfundisha daktari kuitafuta jeni hiyo, basi mgonjwa Mwafrika anaweza kupimwa, akaonekana hana, akarudishwa nyumbani na dawa ya kuchua. Kipimo hicho kikiwa hasi hakimtoi mtu katika ugonjwa. Uchunguzi uliofanywa Lusaka, Zambia, uliwakuta wagonjwa wengi wa jamii hii ya baridi yabisi wakiwa na virusi vya UKIMWI, na jeni iliyojitokeza kwao ilikuwa HLA-B57. Kwa wengi wa hao viungo vya miguu ndivyo vilivyoumia zaidi kuliko mgongo. Ndiyo sababu kipimo cha virusi hivyo ni sehemu ya kawaida ya uchunguzi wa mtu mwenye dalili hizi katika ukanda huu, wala mgonjwa asikichukulie kama tuhuma.

Kuna magonjwa mengine mawili ambayo daktari wa Afrika Mashariki hana budi kuyafikiria kabla ya hili. La kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hicho hula pingili, huacha kibiongo, na kisipotibiwa huweza kupoozesha miguu. Huja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na hutibika kwa dawa zinazomezwa kwa miezi mingi. La pili ni brusela, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kuzalisha mifugo iliyoambukizwa. Brusela hupenda viungo vilevile vya nyuma ya nyonga, hivyo mfugaji mwenye maumivu ya tako upande mmoja pamoja na homa zinazopanda na kushuka anahitaji kupimwa hiyo kwanza. Yote mawili yanatibiwa kwa kuua vijidudu. Spondilaitisi haina kijidudu cha kuua.

Hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu. Eksirei huweza kuonyesha mifupa safi kwa miaka kadhaa huku mgonjwa akiteseka, maana huona mabadiliko ya mfupa na si uvimbe wenyewe. MRI huuona uvimbe mapema, ila mashine zake ziko katika hospitali kubwa za mijini na gharama yake si ndogo. Vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe, kama ESR na CRP, huwa vya kawaida kwa wagonjwa wengi. Kinachobaki kuwa na nguvu ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe, hasa ya usiku na asubuhi, yakisikilizwa na mtu mwenye subira. Upo pia mtihani usiohitaji umeme, uliobuniwa na Mjerumani Paul Schober mwaka 1937. Mgonjwa husimama wima, huwekewa alama kiunoni usawa wa vishimo viwili vilivyo juu ya makalio na nyingine sentimeta 10 juu yake, kisha huinama mbele bila kukunja magoti. Kwenye mgongo unaokunjika vizuri umbali kati ya alama hizo hufika karibu sentimeta 15. Kwenye mgongo uliokakamaa huongezeka kidogo sana. Katika nchi nyingi, kuanzia maumivu ya kwanza hadi ugonjwa kupewa jina lake hupita miaka 5 hadi 10, na wanawake hungoja zaidi, kwa sababu kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa wanaume.

Dalili inayowasumbua wagonjwa wengi kuliko wanavyosema ni uchovu. Si usingizi wa mtu aliyekesha tu, ingawa kukatizwa usingizi kila alfajiri kuna mchango wake. Kemikali zinazoendesha uvimbe huuchosha mwili kama zinavyouchosha mtu mwenye mafua makali, na pengine upungufu wa damu huongezea. Uchovu huu hauonekani kwenye picha yoyote. Wanaojifunza kuishi nao hupanga kazi nzito kati ya saa tano asubuhi na alasiri, huacha za asubuhi ziwe nyepesi, na hukubali kwamba kuna siku za kuzidiwa ambazo hazina sababu. Huzuni na kukata tamaa huwapata wengi pia, na hizo zinastahili kutajwa kwa daktari kama kiuno kinavyotajwa.

Asubuhi inahitaji utaratibu wake. Kabla ya kutoka kitandani mgonjwa huvuta goti moja kifuani, kisha la pili, huzungusha kiuno taratibu kushoto na kulia, ndipo ainuke kwa ubavu. Maji ya moto ya kuoga hulegeza zaidi ya vile wengi wanavyotarajia. Godoro lisiwe limebonyea katikati, na mto uwe mwembamba, kwa sababu mito miwili mirefu huizoesha shingo kuinama mbele, na shingo ikigandia huko hairudi. Kulala kifudifudi kwa dakika 15 au 20 kila siku husaidia nyonga na mgongo kubaki vimenyooka.

Kukaa kitako kwa muda mrefu ni adui. Fundi cherehani, karani, dereva wa daladala na mwanafunzi wa chuo wote wanahitaji kusimama na kujinyoosha kila nusu saa hivi, jambo rahisi kuandika na gumu kwa dereva mwenye abiria. Kwa safari ndefu ya basi, kiti cha upande wa njia ni bora kuliko cha dirishani, kwani mtu anaweza kusimama bila kuomba radhi. Choo cha kuchuchumaa kinakuwa kazi ngumu nyonga zikishikwa, na kishikio cha chuma kilichochimbiwa ukutani huondoa nusu ya tabu. Tendo la ndoa nalo huathiriwa na nyonga na kiuno, na wenzi wanaozungumza wazi hugundua haraka kwamba jioni ni nyakati bora kuliko alfajiri.

Kwa Waislamu, swala ya alfajiri huangukia saa mbaya kuliko zote. Rukuu na sijida zinadai kiuno, nyonga na magoti vikunjike wakati hasa ambapo havitaki, na wapo wanaojilazimisha kwa kuona haya. Sheria yenyewe imekwisha kuwafungulia njia: asiyeweza huswali ameketi na kuashiria kwa kichwa. Kuamka nusu saa kabla ya adhana ili kujinyoosha kwanza huwawezesha wengine kuswali wamesimama. Katika Ramadhani, dawa za maumivu hazifai kumezwa juu ya tumbo tupu, kwa hiyo humezwa baada ya futari na baada ya daku, na aina inayomezwa mara mbili kwa siku hufaa zaidi kuliko ya mara tatu. Hilo huamuliwa na daktari kabla mwezi haujaandama.

Mazoezi ndiyo nusu ya tiba, na hili si maneno ya kutia moyo. Mwili unaotembezwa kila siku huumia kidogo na hubaki wima. Yanayofaa ni yanayonyoosha mgongo kuelekea nyuma, yanayopanua kifua, na yanayotunza nyonga. Mtu husimama na visigino na makalio yakiwa yamegusa ukuta, kisha hujaribu kugusisha kisogo ukutani bila kuinua kidevu. Nafasi inayobaki kati ya kisogo na ukuta ikipimwa kila baada ya miezi michache, humwonyesha mgonjwa mwenyewe kama mgongo unaanza kuinama. Kuvuta pumzi ndefu hadi mbavu zitanuke husaidia kwa sababu viungo vidogo vya mbavu na pingili hukakamaa pia, na kifua kisipotanuka mtu huhema akipanda ngazi. Kuogelea ni kuzuri kuliko yote, maana maji hubeba uzito huku kifua na mgongo vikifanya kazi. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana hata mara chache kwa mwaka anatosha kusahihisha mtindo, ila mazoezi yenyewe ni ya nyumbani.

Dawa za kwanza ni zile za kupunguza uvimbe na maumivu, kama diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na indomethasini. Mara nyingi huleta nafuu kubwa ndani ya siku chache, na nafuu hiyo yenyewe humpa daktari dokezo. Tatizo ni kwamba hupatikana kwenye kila duka la dawa, na mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake huzinunua vidonge vichache vichache kwa miaka, pengine mbili za aina moja kwa pamoja bila kujua. Hapo vidonda vya tumbo, shinikizo la damu na madhara ya figo huja kimya. Vidonge vya steroidi kama prednisoloni hutolewa mno kwa maumivu ya viungo, lakini kwa uti wa mgongo wenye ugonjwa huu havisaidii vya kutosha kulipia madhara yake. Salfasalazini husaidia magoti na vifundo, si mgongo.

Kulikuwa na tiba iliyosaidia maumivu kwa bei ya kutisha. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali za Ulaya ziliwapiga wagonjwa mionzi mgongoni, na wengi walipata nafuu ya kweli. Mwaka 1957 madaktari Waingereza Court Brown na Richard Doll walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa zaidi ya 13,000 waliotibiwa hivyo, wakaonyesha kwamba saratani ya damu iliwapata zaidi, na hatari iliongezeka kadiri mionzi ilivyoongezeka. Tiba ikaachwa. Takwimu za wagonjwa hao ziliendelea kutumiwa ulimwenguni kukadiria hatari ya mionzi, faida ambayo wao hawakuiomba.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na dawa za kibayolojia, kama infliksimabu, etanasepti na adalimumabu, zinazozuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF. Baadaye zikaja zinazozuia kemikali nyingine iitwayo IL-17. Ni za sindano, na kwa wagonjwa wengi ambao vidonge vimeshindwa hurudisha usingizi na asubuhi. Vikwazo vyake Afrika Mashariki ni viwili. Cha kwanza ni bei, inayozidi uwezo wa familia nyingi zisizo na bima inayozilipia. Cha pili ni kifua kikuu. TNF ni miongoni mwa vitu ambavyo mwili hutumia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni, na ikizuiwa, vijidudu hivyo huweza kuamka na kusambaa. Kwa kuwa watu wengi katika nchi hizi wanavyo bila kuugua, hakuna anayepaswa kuanzishiwa dawa hizo kabla ya kupimwa kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini aina ya B, na akikutwa na kifua kikuu hicho hupewa kwanza tiba ya kukizuia.

Jicho linahitaji onyo la pekee. Angalau mgonjwa 1 kati ya 4 hupata, mara moja au zaidi maishani, uvimbe ndani ya jicho. Jicho moja huwa jekundu ghafla, linauma, haliwezi kuvumilia mwanga, na huona ukungu. Si yale macho mekundu yanayoambukizana shuleni, wala halina tongotongo nyingi. Dawa ya matone ya kubahatisha kutoka dukani hupoteza muda, na muda ukipotea mboni hunata na uwezo wa kuona hupungua. Mgonjwa huhitaji daktari wa macho siku hiyohiyo au kesho yake, na humwambia waziwazi kwamba ana ugonjwa huu wa mgongo. Kuharisha kwa muda mrefu kulikochanganyika na damu, au ngozi inayotoa magamba, ni dalili nyingine zinazopaswa kutajwa, kwani magonjwa ya utumbo na soriasisi hutokea katika ukoo mmoja na spondilaitisi.

Uti wa mgongo ulioungana huwa mgumu lakini si imara. Mfupa ndani yake hupungua uzito, na kuanguka kidogo bafuni au kutoka kwenye bodaboda huweza kuuvunja mahali ambapo mtu mwingine angeinuka akajipangusa vumbi. Maumivu mapya ya shingo au mgongo baada ya kuanguka, hata yakiwa ya wastani, ni ya kupelekwa hospitali bila kumkunja wala kumnyoosha mgonjwa kwa nguvu. Kukandwa misuli kwa mkono mwepesi hakuna neno. Kuvutwa shingo hadi ilie, au kukanyagwa mgongo na mkandaji, ni hatari ya kupooza.

Mwanamke mwenye ugonjwa huu anaweza kushika mimba na kuzaa salama, ila mimba haiutulizi kama inavyotuliza mara nyingi aina nyingine za baridi yabisi. Dawa kadhaa hubadilishwa kabla ya kushika mimba au katika miezi ya mwisho. Daktari wa usingizi anapaswa kuarifiwa mapema, kwa kuwa sindano ya ganzi ya mgongoni huwa ngumu kupitisha kwenye pingili zilizoungana, na shingo isiyokunjika hufanya mpira wa kupumulia uwe mgumu kuingizwa kooni. Mtoto wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko watoto wengine, lakini wengi wao hawaugui, na hakuna faida ya kumpima jeni mtoto asiyeumwa. Akifika ujana akaanza kuamshwa na kiuno alfajiri, familia inajua aanzie kwa daktari gani.